Jinsi ya kujitengenezea jiwe la nyuma la trekta dogo lenye loda

Maswali ni yale yale kila wiki. Jiwe liwe na kilo ngapi? Pipa la zege linafaa? Kwani nikijaza maji kwenye matairi haitoshi? Nimechoka kuyajibu kipande kipande, kwa hiyo nimeyapanga hapa kwa kufuata kazi yenyewe, tangu kupima mpaka siku unaponyanyua jiwe mara ya kwanza.

Nasema "jiwe" kwa kuwa ndivyo tunavyoliita. Neno balasti lipo, ila mwambie mjenzi akuletee balasti uone kama hatakumwagia lori la kokoto. Hapa tunazungumzia bonge la zege lenye fremu ya chuma ndani, linaloning'inia kwenye mikono ya nyuma ya trekta (miwili ya chini na mmoja wa juu) ili kupambana na mzigo ulioko kwenye kijiko cha loda, yaani mitambo ya mbele ya kunyanyulia.

## Kwa nini uning'inize kitu nyuma

Siku niliyoelewa umuhimu wake nilikuwa nateremka mteremko mdogo tu, kijiko kimejaa samadi mbichi, nyuma hakuna kitu. Trekta likaanza kwenda kasi kuliko nilivyotaka. Nikakanyaga breki, na sikusikia chochote. Breki za matrekta mengi madogo ziko kwenye magurudumu ya nyuma peke yake, na yangu wakati huo yalikuwa yanagusa nyasi kwa juu juu. Sikuwa nimeingiza gia ya magurudumu manne, ambayo ingalau ingepeleka breki hadi mbele. Kilichoniokoa ni kushusha kijiko kikakwaruza ardhi.

Ekseli ya mbele hugeuka kuwa mhimili wa pembea. Mzigo wa kijiko uko mbele ya mhimili, kwa hiyo unaiinua nyuma. Isitoshe, ekseli ya mbele ya matrekta haya imefungwa kwa pini moja katikati ili icheze kufuata mabonde, na kwa sababu hiyo haikusaidii sana trekta linapotaka kulala ubavu. Kinachokuzuia usipinduke ni nyuma kutulia chini.

Hapo ndipo jibu la swali la maji kwenye matairi. Maji au uzito wa kufunga kwenye rimu vinaongeza kilo nyuma, na ni vizuri kuwa navyo. Lakini vinakaa palepale penye ekseli ya nyuma, kwa hiyo havipunguzi hata kilo moja kwenye ekseli ya mbele. Jiwe linaloning'inia nyuma ya ekseli linafanya yote mawili: linakandamiza nyuma na kuinyanyua mbele kidogo. Ekseli, sili na usukani wa mbele vitakushukuru.

## Kilo ngapi?

Kwanza fungua kitabu cha loda, maana vingi vinataja uzito wa nyuma unaotakiwa. Kikikutajia, fuata hicho. Kama huna kitabu, pima vitu vitatu: umbali kati ya ekseli mbili, umbali kutoka ekseli ya mbele hadi katikati ya kijiko, na umbali kutoka ekseli ya nyuma hadi mahali katikati ya jiwe patakapokaa.

Mfano: ekseli hadi ekseli ni mita 1.6, kijiko kiko mita 1.3 mbele, na umebeba kilo 400.

Nyuma inapoteza 400 × 1.3 ÷ 1.6, yaani kilo 325. Mbele inaongezewa 400 pamoja na hizo 325, jumla 725. Wengi hushtuka hapa, kwa sababu walidhani mbele inabeba kilo 400 tu.

Sasa ning'iniza jiwe la kilo 300, katikati yake ikiwa mita 0.9 nyuma ya ekseli ya nyuma. Nyuma inaongezewa 300 × (1.6 + 0.9) ÷ 1.6, kama kilo 469. Mbele inapunguziwa 300 × 0.9 ÷ 1.6, kama kilo 169. Nyuma umerudisha kilichopotea na chenji juu.

Halafu angalia upande wa pili, yaani uwezo wa haidroliki kunyanyua. Kitabu cha trekta mara nyingi hutoa namba mbili: moja kwenye ncha za mikono, nyingine sm 61 nyuma ya ncha hizo. Ya pili ni ndogo, na ndiyo nakushauri uitumie hata kama jiwe lako litakaa karibu zaidi. Usisahau pia kikomo cha ekseli ya nyuma na cha matairi.

Pipa la lita 200 ndilo linalowaponza wengi. Zege lina karibu kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo pipa likijaa linafika kilo 480 kabla hujahesabu chuma. Trekta nyingi za saizi hii zitaguna tu, jiwe libaki chini. Mwongozo huu unatengeneza jiwe la kama kilo 300. Ukihitaji jingine, badilisha kina cha boksi na uache vipimo vya kuungia kama vilivyo.

## Andaa hivi kabla hujaanza

Vipimo vya chuma hapa ni vya mikono ya nyuma ya Kategoria 1, ambayo ndiyo iko kwenye matrekta madogo mengi. Pini za chini ni mm 22, pini ya juu ni mm 19. Kama pini zako za chini ni mm 28, hiyo ni Kategoria 2 na upana wake ni mwingine. Usinakili namba zangu.

Chuma:
- Shafti ngumu isiyo na tundu, unene mm 40, urefu mm 803
- Chuma bapa cha mm 80 × 12, vipande viwili vya sm 53, kwa ajili ya nguzo
- Chuma bapa cha mm 50 × 10, kama mita 2.3 kwa jumla
- Nondo za mm 12, mita 6 au 7, na waya wa kufungia
- Pini ya juu ya mm 19 na pini mbili za kufungia ncha za chini

Zege:
- Saruji mfuko mmoja wa kilo 50 (utabaki kidogo)
- Mchanga safi ndoo 3 za lita 20
- Kokoto za mm 20, ndoo 4 na nusu

Boksi: plaiwudi ya mm 18, mbao za kukazia, skrubu, vipande vyembamba vya mbao vya pembetatu kwa ajili ya kona, mafuta ya kupaka. Pia magogo mawili ya mraba ya sm 20, ambayo yatakuwa makao ya jiwe siku zote.

Vifaa: mashine ya kuchomelea, grinda, dreli nzito, pima maji, futi, koleo, karai au mashine ya kuchanganyia. Na glavu za mpira na miwani. Saruji mbichi inachoma ngozi taratibu, unagundua jioni wakati vidole vimeshatoboka.

Kama hujui kuchomelea, mpe fundi sehemu ya fremu. Zege unaweza kujifunza siku hiyo hiyo. Kuchomelea kitu kitakachobeba kilo 300 nyuma ya mgongo wako hakujifunziwi hapa.

## Hatua kwa hatua

1. Pima trekta lako, usipime langu.

Trekta likiwa mahali tambarare, shusha mikono ya nyuma hadi mwisho na upime urefu kutoka ardhini hadi katikati ya tundu (jicho) la ncha ya mkono. Andika. Jiwe likiwa limekaa kwenye magogo, shafti yake lazima iwe juu zaidi ya hapo, la sivyo hutaweza kuliunga. Katika vipimo vyangu shafti inakuwa sm 32 kutoka ardhini.

Jiwe langu la kwanza nililimwaga likiwa limelala juu ya udongo, shafti sm 10 tu kutoka chini. Likakauka vizuri sana, linang'aa. Mikono ya trekta haikulifikia. Jioni nzima nilikuwa na mtaimbo na vipande vya mbao, nalinyanyua sentimita mbili mbili, huku nikijilaumu.

2. Kereza shafti.

Peleka shafti kwa fundi mwenye mashine ya kukereza chuma. Mwambie hivi: kati ya bega na bega (pale unene unapobadilika) ibaki mm 683, na kila ncha ya mm 60 ipunguzwe hadi unene wa mm 22. Tundu la pini ya kufungia liwe la mm 12, na ukingo wake wa ndani usiwe karibu na bega kuliko mm 39, kwa sababu jicho la mkono lenyewe lina mm 35.

Msisitize jambo moja: kona ya bega isikatwe kali kama kisu. Iachiwe mviringo mdogo. Ufa wa shafti huanzia kwenye kona kali, na hii itakuwa ndani ya zege, huwezi kuibadilisha.

3. Tengeneza nguzo.

Chukua vile vipande viwili vya sm 53. Kwenye kila kimoja toboa tundu la mm 40 kwa ajili ya shafti, na tundu la juu la mm 19 na nusu. Kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu ni mm 460. Vifunge pamoja kwa klampu uvitoboe kwa mpigo mmoja ili visipishane.

Vivishe kwenye shafti, katikati kabisa, na nafasi kati yao iwe mm 50 au hivi. Pima jicho la mkono wa juu wa trekta lako: lipite kwa kulegea kidogo, lisicheze kama kengele.

4. Funga pembetatu.

Ukitazama kwa ubavu, fremu iwe pembetatu: shafti mbele chini, tundu la juu, na chuma kinacholala kwa upana nyuma chini. Kata chuma cha nyuma cha sm 45, vipande viwili vya sm 31 vya kukiunga na shafti, na viwili vya sm 55 au zaidi kidogo vya kutoka juu ya nguzo kushuka hadi nyuma.

Jiwe likinyanyuliwa linataka kuangukia nyuma, na mkono wa juu ndio unaolivuta lisianguke. Kwa hiyo vile vipande vya mshazari vinavutwa muda wote. Ukiviacha ukategemea nguzo mbili pekee, zege litapasuka mstari ulionyooka pale nguzo inapotokea.

Chomelea kwa vidoti tu kwanza. Usimalize.

5. Jaribu fremu tupu kwenye trekta.

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika haya yote. Zege likishakauka halina marekebisho.

Unga fremu kwenye mikono mitatu. Kisha tafuta boksi la karatasi ngumu, likate lifikie vipimo vya jiwe (upana sm 58, kina sm 45, kimo sm 45), lifunge kwenye fremu kwa kamba pale jiwe litakapokuwa. Shafti iwe sm 8 nyuma ya uso wa mbele na sm 12 kutoka chini.

Nyanyua hadi juu kabisa. Shusha hadi chini. Sukuma kwa mguu kushoto, kulia. Tazama matairi, bamba la kinga la PTO (shafti ya nyuma ya kuzungushia mashine), chuma cha kukokotea na taa za nyuma. Mikono ya chini hubanana kadiri inavyoelekea kwenye trekta, kwa hiyo angalia pia kama inagusa mbavu za boksi. Ndiyo maana upana ni sm 58 na si 68. Karatasi ikikunjika popote, umeokoa jiwe zima kwa bei ya boksi la karatasi.

Ukiridhika, rudi umalizie kuchomelea kote, pande zote mbili za kila bapa.

6. Jenga boksi.

Vipimo vya ndani: upana sm 58, kina sm 45, kimo sm 45. Toboa mbao mbili za ubavuni tundu la mm 41 zipitishe shafti. Mbao hizo ndizo zitakazoishikilia shafti isihame, kwa hiyo toboa kwa usahihi.

Tumia skrubu, achana na misumari. Utataka kubomoa bila kupiga nyundo zege changa. Kona za ndani weka zile mbao za pembetatu, maana kona kali ya zege hubanduka siku ya kwanza inapogonga kitu.

Kaza boksi kwa mbao kuzunguka, hasa robo ya chini. Zege bichi linasukuma kama maji mazito: kwa kimo hiki, chini kabisa shinikizo linafika karibu tani moja kwa mita ya mraba. Boksi linalotoa tumbo ni boksi lililokazwa juu tu.

Liweke juu ya magogo mawili, mahali pagumu na tambarare ambapo trekta linaweza kurudi nyuma kwa kunyooka. Fikiria hilo sasa. Baada ya kumwaga hulihamishi kwa mikono.

7. Panga nondo.

Ringi tatu za nondo kuzunguka fremu, na nondo za kusimama kwenye kona nne, zifungwe kwa waya. Kila chuma kiwe sm 4 au 5 ndani ya uso wa zege. Kinachokaribia ukuta kitapata kutu, na kutu ikivimba inabandua zege.

Paka mafuta mbao za ndani. Usimwagie nondo wala fremu, zege halishiki chuma chenye mafuta. Ziba mianya ya tundu za shafti kwa udongo wa mfinyanzi.

Kama unataka sehemu ya kubebea koleo na mtaimbo, huu ndio wakati wa kusimamisha bomba moja au mawili ya plastiki nyuma ya nguzo. Yapite hadi chini kabisa ya boksi ili maji yatoke. Mimi nimeweka mawili na nayatumia kuliko nilivyotarajia.

Mwisho wa hatua hii: pima maji kwenye shafti, pima maji kwenye nguzo, pande zote mbili. Kisha pima tena baada ya chai.

8. Changanya na umwage.

Uwiano ni 1:2:3, yaani saruji ndoo 1 na nusu, mchanga 3, kokoto 4 na nusu. Maji anzia lita 18 hivi na usizidi 22. Mchanga ukiwa na unyevu, maji yapunguze. Zege linalotiririka kama uji ni rahisi kumwaga, lakini likikauka linabaki na matundu na nguvu kidogo. Unataka liwe kama ugali ambao bado haujakaza, linalotetereka ukiligonga.

Mwaga kwa matabaka matatu. Kila tabaka lichomechome kwa kipande cha nondo, na ugonge mbao kwa nyundo ya mpira mpaka mapovu yaache kutoka. Chini ya shafti na chini ya chuma cha nyuma ndipo hewa inapojificha. Shughulika napo zaidi.

Ukitaka uzito zaidi kwa ujazo ule ule, tumbukiza vyuma chakavu: bolti, nati, vipande vya nondo. Chuma kina kilo 7,850 kwa mita ya ujazo, zaidi ya mara tatu ya zege. Visiwe na grisi. Aluminiamu usiweke kabisa, kwani saruji mbichi humenyuka nayo ikatoa gesi na zege likavimba. Na risasi, ingawa nzito, iache. Ni sumu, na vumbi lake hutalipenda siku utakapokata kitu.

Sehemu ya juu isawazishe kwa mwiko, uiache na mteremko mdogo kutoka kwenye nguzo kwenda pembeni. Maji ya mvua yakituama kwenye shina la nguzo, kutu inaanzia hapo.

9. Lipe muda.

Funika kwa magunia mabichi au plastiki, na uliweke na unyevu siku 7. Mbao za ubavuni unaweza kuzitoa baada ya siku 2, zikivutwa nje kufuata shafti. Kunyanyua, subiri siku 7 kwa uchache. Kazi nzito ya barabara mbovu, subiri 28. Najua trekta liko pale na jiwe liko pale. Subiri.

10. Unga na ujaribu.

Rudi nyuma polepole, unga mikono ya chini, zima injini, kisha unga mkono wa juu. Asisimame mtu kati ya trekta na jiwe huku mwingine akiwa kwenye usukani, hata kwa sekunde ya kuelekeza pini.

Rekebisha mkono wa juu mpaka jiwe lisimame wima. Kaza minyororo ya pembeni ili lisibembee. Nyanyua sm 20 au 30 tu kutoka ardhini, na hapo ndipo patakuwa mahali pake siku zote unapofanya kazi. Jiwe lililonyanyuliwa juu kabisa linakuongezea hatari ileile uliyokuwa unaikimbia.

Chukua nusu mzigo kwenye kijiko, kiwe chini, tembea taratibu kwenye tambarare. Funga mkanda na usimamishe fremu ya kinga (ile ya kukulinda trekta likipinduka). Kwenye mteremko wenye kijiko kilichojaa, panda ukitazama mbele na shuka kwa kurudi nyuma, mzigo ukiwa upande wa juu wa mlima.

## Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kuacha jiwe nyuma huku loda imevuliwa. Kwa mfano wetu mbele inakuwa imepunguziwa kilo 169 bila kitu cha kufidia. Vitabu vingi vya matrekta vinataka angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta tupu ubaki kwenye ekseli ya mbele. Usukani ukiwa mwepesi kama wa baiskeli, shuka ulivue.

Kuongeza jiwe ili kubeba zaidi ya uwezo wa loda. Jiwe linakuwezesha kubeba kwa usalama kile loda ilichopimiwa, basi.

Kufunga mnyororo wa kuvutia magogo kwenye nguzo kwa sababu "iko imara". Kuvuta kutoka juu ya usawa wa ekseli ya nyuma kunaweza kulipindua trekta kinyumenyume kabla hujafikia klachi. Kuvuta ni kazi ya chuma cha kukokotea kilicho chini.

## Likikusumbua

Haidroliki hainyanyui, au inanyanyua kwa kigugumizi. Angalia mafuta kwanza, kisha fanya injini iende kasi kidogo. Bado? Piga hesabu ya uzito upya. Huenda ulizidisha kina cha boksi au vyuma chakavu. Kama jiwe ni zito mno, hakuna njia ya heshima ya kulipunguza. Lipeleke kwa mwenye trekta kubwa.

Linanyanyuka kisha linashuka lenyewe taratibu. Hilo ni la trekta, halihusiani na zege. Vali au sili ya silinda ya kunyanyulia inavuja.

Linainama kuelekea trekta au kinyume chake. Zungusha mkono wa juu. Ukifika mwisho wa uzi na bado limeinama, umbali wa mm 460 ulikosewa, na utahitaji mkono wa juu wenye urefu mwingine.

Upande mmoja uko chini. Mkono mmoja wa kunyanyulia, kwa kawaida wa kulia, una sehemu ya kurekebisha urefu. Rekebisha hapo kabla ya kulaumu pima maji.

Nyuma bado ni nyepesi. Jiwe liko karibu mno na ekseli, au mzigo wa kijiko ni mzito kuliko unavyodhani. Udongo uliolowa haukuambii uzito wake. Ikiwa kuna mizani ya magari karibu, pima ekseli moja moja ukiwa na mzigo, utajua ukweli kwa dakika tano. Hapa ndipo maji ya matairi yanapokuja kusaidia jiwe.

Nyufa nyembamba kama unywele juu ya uso. Zilitokana na kukauka haraka, hazina neno. Ufa unaoanzia kwenye nguzo na kuteremka ubavuni ni habari nyingine: lishushe jiwe, usilinyanyue tena, na uangalie kama mshazari uliachia chomeleo.

Kelele ya kugonga nyuma kila ukipita shimo. Pini imelegea kwenye jicho. Pima ncha ya shafti. Ikiwa imelika, fundi wa kukereza anaweza kutengeneza mkono wa bomba wa kuivisha. Ikiwa haijalika, basi jicho la mkono limechoka, na hilo linabadilishwa kwenye trekta.

Hulioni ukiwa umekaa kwenye kiti. Paka rangi ya njano sehemu ya juu na kona mbili za nyuma. Kwenye ubavu andika kilo zake kwa herufi kubwa, kwa sababu atakayeliazima hatasoma haya.